Guinea ya Ikweta: Kweli au Si Kweli?

Anayeanza kujifunza Kihispania Dar es Salaam au Nairobi huonyeshwa picha za Madrid, Mexico, Havana na Buenos Aires. Malabo, ikitajwa, hutajwa mwishoni. Hilo linanikera kidogo, kwa sababu lipo taifa moja kusini mwa Sahara ambalo Kihispania ni lugha yake rasmi, na wengi wa wananchi wake huzungumza lugha za Kibantu zilizo na undugu na Kiswahili, Kisukuma na Kikikuyu. Kwa undugu wa lugha na damu, mtu wa Morogoro au Nyeri yuko karibu zaidi na mtu wa Bata kuliko alivyo karibu na mtu wa Lima au Barcelona. Hata hivyo yale tunayoyasema kuhusu Guinea ya Ikweta ni machache, na mengi katika hayo machache yamepinda. Nimeyakusanya hapa yale yanayosikika mara kwa mara, niyapime moja moja.

"Ikweta inapita katikati ya nchi hiyo."

Si kweli, licha ya jina.

Sehemu ya bara ya nchi hiyo, Río Muni, inaanzia karibu na nyuzi 1 kaskazini mwa Ikweta na kupanda juu hadi mpaka wa Kamerun. Kisiwa cha Annobón kiko upande wa pili, karibu nyuzi moja na nusu kusini. Mstari wenyewe unapita baharini kati ya hizo sehemu mbili, haugusi udongo wa nchi hiyo mahali popote. Kibao cha Ikweta anachopigia picha msafiri pale Nanyuki au Kayabwe hakiwezi kusimikwa kokote ndani ya Guinea ya Ikweta. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1963, Hispania ilipolipa koloni lake serikali ya ndani.

Msomaji azitenganishe pia Guinea hizi. Kuna Guinea ambayo mji wake mkuu ni Conakry na inatumia Kifaransa. Kuna Guinea-Bissau inayotumia Kireno. Na kuna hii tunayoizungumzia, iliyo mbali na hizo mbili, katika kona ambako pwani ya Afrika inakunja kutoka magharibi kuelekea kusini. Papua Guinea Mpya iko Pasifiki na haihusiki kabisa.

"Ukishaiona Malabo, umeiona nchi."

Si kweli, na kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Nchi ina kilomita za mraba 28,051 tu, ndogo kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, lakini imetawanyika baharini kiasi kwamba sehemu zake hazifanani kwa ardhi, kwa watu, wala kwa historia.

Tuanze na Bioko, kisiwa iliko Malabo. Hakipo mbele ya Río Muni kama mtu angetarajia. Kiko kaskazini zaidi, mbele ya Kamerun, umbali wa kilomita 32 tu kutoka pwani yake. Siku isiyo na mawingu, Mlima Kamerun unaonekana wazi ng'ambo ya maji. Anayezoea Unguja asidhani atakuta kisiwa tambarare cha mchanga na minazi. Bioko ina kilomita za mraba zipatazo 2,000 na ni volkano iliyochomoza baharini. Kilele chake, Pico Basilé, kina mita 3,011. Upande wa kusini, kijiji cha Ureca ni miongoni mwa mahali panaponyesha zaidi duniani, na hapo hapo, kwenye fukwe za mchanga mweusi, kasa wa bahari hupanda kutaga mayai katika miezi ya mvua chache, kuanzia Novemba hadi Februari. Zamani, usawa wa bahari ulipokuwa chini, kisiwa kilishikana na bara. Maji yalipopanda, nyani na kima waliobaki upande huu walijitenga na ndugu zao, ndiyo maana Bioko leo ina aina za kima zisizopatikana mahali pengine popote, na yule nyani mwenye uso mweusi aitwaye drili bado anaishi katika misitu ya kusini. Kitoweo cha nyama ya porini ndicho kinachowatishia zaidi.

Wenyeji wa Bioko ni Wabubi. Walivuka kwa mitumbwi kutoka bara karne nyingi zilizopita, wakajitenga, na lugha yao ikakua peke yake hadi watafiti wa lugha za Kibantu wakaona tabu kuiweka kwenye matawi waliyoyazoea. Katika karne ya 19 walikuwa na mfalme aliyeheshimika kisiwa kizima, Moka, aliyekaa juu milimani kwenye hewa baridi, akakataa kabisa kuonana na Wazungu kwa miaka mingi. Bonde lake bado linaitwa Moka, na ni mahali pa mifugo na mboga. Jina la mji wa Malabo ni la mfalme mwingine wa Kibubi, aliyetawala baadaye. Leo Wabubi ni wachache kwenye kisiwa chao wenyewe, na kumbukumbu ya Januari 1998, vijana wao waliposhambulia vituo vya jeshi na serikali ikajibu kwa kukamata mamia ya watu, haijafutika.

Sasa vuka bahari uende Río Muni. Hapa ndipo ilipo sehemu kubwa ya nchi, karibu kilomita za mraba 26,000, na hapa ndipo wanakoishi wananchi wengi. Ni nchi ya msitu mnene, udongo mwekundu na mito, yenye Kamerun juu yake na Gabon upande wa mashariki na kusini. Wafang ndio wengi, hapa na katika taifa zima, na mipaka ya wakoloni iliwakata vipande vitatu: ukifika Ebebiyín, mji wa pembe ya kaskazini-mashariki, unaweza kuwa na shangazi Gabon na mjomba Kamerun, na soko ni moja. Pwani wanakaa Wandowe, watu wa bahari na uvuvi, ambao ndio waliokutana kwanza na wafanyabiashara wa Ulaya. Bata, mji mkubwa wa bara, una barabara pana ya ufukweni na bandari. Mji huo ulipata msiba mkubwa tarehe 7 Machi 2021, ghala la silaha katika kambi ya jeshi la Nkoantoma lilipolipuka na kuua watu zaidi ya 100, wakiwemo watu walioishi jirani.

Ndani zaidi kuna hifadhi ya Monte Alén, yenye sokwe, tembo wa msituni na chura mkubwa kuliko wote duniani, anayefikia uzito wa kilo tatu na kupatikana hapa na Kamerun peke yake. Gorila mweupe aliyewafurahisha watoto wa Barcelona kwa karibu miaka 40 alichukuliwa katika msitu wa Río Muni mwaka 1966, akiwa mchanga, baada ya mama yake kuuawa na mkulima. Wahispania walimpa jina Copito de Nieve. Alifariki mwaka 2003 bila kurudi kwao.

Kusini-magharibi mwa Río Muni kuna visiwa vidogo vya Corisco na Elobey, nchi ya Wabenga. Kimojawapo, Elobey Chico, ni kidogo sana, lakini Wahispania waliwahi kukifanya makao ya utawala wao wa bara. Visiwa vingine vya eneo hilo viligombaniwa na Gabon kwa zaidi ya miaka 50, hadi Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoamua mwezi Mei 2025 kwamba Mbanié na wenziwe wawili ni mali ya Guinea ya Ikweta.

Na sasa Annobón. Chukua ramani uitazame vizuri, maana maneno peke yake hayatoshi. Ukitoka Malabo kwa meli kwenda Annobón, unapita kwanza Príncipe, kisha São Tomé, ambavyo ni nchi nyingine, halafu unavuka Ikweta, ndipo unakifikia kisiwa hiki cha kilomita za mraba 17 tu ndani ya Atlantiki. Safari ni zaidi ya kilomita 500. Watu wake ni wazao wa Waafrika walioletwa na Wareno kutoka Angola na São Tomé karne ya 16. Wanazungumza Fá d'Ambô, krioli iliyozaliwa na Kireno, na Mfang wa Mongomo hawezi kuielewa hata kidogo. Ni wavuvi hodari wanaotumia mitumbwi myembamba iitwayo kayuko, na kwa vizazi vingi waliwinda hata nyangumi kwa chusa za mkono. Katikati ya kisiwa kuna ziwa lililojaa ndani ya kasoko la volkano.

Meli hukawia. Dawa hukawia. Mwaka 2024 wakazi wa Annobón waliiandikia serikali kulalamika kwamba milipuko ya baruti ya kampuni ya ujenzi inaharibu mashamba na vyanzo vya maji. Kilichofuata ni watu kadhaa kukamatwa na intaneti ya kisiwa kizima kukatwa kwa muda mrefu. Kwa kisiwa kilicho mbali namna hiyo, kukata mawasiliano ni kukiondoa duniani. Anayeijua Malabo peke yake, yenye kanisa kuu la enzi za Wahispania na hoteli za wafanyakazi wa mafuta, hawezi hata kuanza kuwaza maisha hayo.

"Watu wote huongea Kihispania nyumbani."

Si kweli kwa wengi. Kihispania ni lugha ya shule, ofisi, kanisa na redio, na ndiyo inayowaunganisha Mfang, Mbubi, Mndowe na mtu wa Annobón wanapokutana. Kwa maana hiyo kinafanya kazi ambayo Kiswahili hufanya kwetu, na watu wengi mno wanakijua vizuri. Lakini jioni nyumbani kinachosikika zaidi ni Kifang, Kibubi, lugha za Wandowe au Fá d'Ambô.

Ukienda sokoni Malabo utasikia pia pichi, krioli inayotokana na Kiingereza. Huenda hilo likakushangaza kwenye koloni la Hispania, na nitalieleza muda si mrefu, maana lina historia inayogusa hata Mombasa. Watawala waliwahi kuidharau lugha hii kama Kiingereza kilichoharibika. Haikufa. Watoto wa mjini wanakua nayo.

Juu ya hayo, serikali iliongeza Kifaransa kuwa lugha rasmi mwaka 1998, kwa sababu za ujirani na biashara: nchi inatumia faranga ya CFA tangu mwaka 1985, pamoja na Kamerun, Gabon na wengine. Kisha ikaongeza Kireno, na mwaka 2014 ikakubaliwa katika jumuiya ya nchi zinazozungumza Kireno. Watu wa Annobón wangekuwa na haki ya kuona krioli yao ikitambuliwa kupitia mlango huo. Kilichotambuliwa ni Kireno cha Lisbon, ambacho karibu hakuna anayekizungumza nchini.

"Hispania iliitawala kwa miaka 500."

Si kweli, na hadithi ya kweli ni tamu kuliko uongo.

Wareno ndio waliofika kwanza, miaka ya 1470. Kisiwa cha Bioko wakakiita Fernando Poo kwa jina la baharia wao, nacho Annobón wakakipa jina la Mwaka Mpya kwa kuwa walikiona tarehe mosi Januari. Walikaa kama wenye mali hadi mwaka 1778, walipowapa Wahispania visiwa hivyo pamoja na haki ya kufanya biashara pwani ya bara, katika mkataba wa kumaliza ugomvi wao wa mipaka Amerika Kusini. Hispania ilitaka nini? Ilitaka mahali pake yenyewe pa kununulia watumwa wa kupeleka kwenye makoloni yake ya ng'ambo, bila kupitia kwa Wareno na Waingereza. Ni vizuri hilo lisemwe bila kupambwa. Msafara ulitoka Montevideo mwaka huo huo chini ya Bwana Argelejo. Yeye akafia baharini, watu wa Annobón wakakataa kuutambua utawala mpya, homa ikawamaliza askari, na waliobaki wakaasi na kuondoka. Kwa miaka mingi baada ya hapo Hispania haikuwa na mtu wake hapo.

Hapa ndipo pwani yetu inapoingia. Mwaka 1824 nahodha William Fitzwilliam Owen wa jeshi la majini la Uingereza alitia nanga Mombasa wakati Wamazrui walipokuwa wakikataa kumtii Seyyid Said wa Omani. Akaiweka Mombasa chini ya ulinzi wa Uingereza bila idhini ya London, akamwacha luteni wake, Reitz, asimamie. Reitz alifariki mwaka huo huo, na jina lake bado lipo Port Reitz. London haikuupenda mpango huo, na mwaka 1826 ulinzi ukaondolewa. Mwaka uliofuata, Owen huyo huyo akafika kaskazini mwa Bioko na kujenga kituo cha kuzuia meli za watumwa, akakiita Clarence. Alileta mafundi na vibarua kutoka Sierra Leone, waliokuwa wakizungumza krio ya Freetown. Wazao wao na wa watumwa waliokombolewa waliitwa Wafernandino, wakawa matajiri wa kwanza wa kakao kisiwani, na lugha yao ndiyo iliyozaa pichi ya leo. Mji wa Clarence ndio Malabo.

Hispania ilirudi kupandisha bendera mwaka 1843, ikauita mji Santa Isabel, na kwa kukosa mtu ikamteua Mwingereza, John Beecroft, awe gavana. Gavana Mhispania alikuja mwaka 1858. Hata miaka mitatu baadaye, Uingereza ilipotaka konseli wa kukaa kisiwani hapo, ilimtuma Richard Burton, yule yule aliyeondoka Zanzibar mwaka 1857 na kufika Ujiji mwaka uliofuata akiwa na Speke.

Bara ilikuwa hadithi nyingine. Mpaka wa Río Muni uliwekwa na Ufaransa na Hispania mjini Paris mwaka 1900, huku Wafang wengi wa ndani wakiwa hawajamwona Mhispania. Msitu ulikuja kushikwa na askari wa koloni miaka ya 1920. Uhuru ulipatikana tarehe 12 Oktoba 1968. Kwa hiyo mzee wa Kifang aliyezaliwa kabla ya askari kuingia kijijini kwao aliweza kuushuhudia ukoloni ukianza na ukiisha.

"Ni nchi ya mafuta, kwa hiyo watu wake ni matajiri."

Mafuta yapo, na pato la taifa likigawanywa kwa idadi ya watu liliwahi kuwa miongoni mwa makubwa kabisa Afrika. Utajiri wa watu ndio uongo.

Ili kuelewa kilichotokea, lazima turudi nyuma ya mafuta. Koloni hili lilikuwa la kakao. Kakao ya Fernando Poo ilipendwa Ulaya, na mashamba yalitegemea makumi ya maelfu ya vibarua kutoka Nigeria. Baada ya uhuru, Rais Francisco Macías Nguema aliifanya nchi kuwa gereza. Wasomi waliuawa, makanisa yalifungwa, mitumbwi ilizuiwa ili watu wasitoroke. Inakadiriwa kwamba karibu theluthi moja ya wananchi ama walikimbia ama walikufa. Wanigeria waliondoka mwaka 1975 na 1976, na kakao ikaanguka moja kwa moja. Tarehe 3 Agosti 1979 Macías alipinduliwa na mpwa wake, Teodoro Obiang Nguema Mbasogo. Akahukumiwa katika ukumbi wa sinema wa Malabo na kuuawa kwa kupigwa risasi mwezi Septemba. Obiang ameshika madaraka tangu siku hiyo, muda mrefu kuliko rais mwingine yeyote duniani leo.

Kisima kikubwa cha mafuta cha Zafiro kiligunduliwa baharini mwaka 1995. Miaka kumi baadaye nchi ilikuwa ikitoa mapipa zaidi ya 300,000 kwa siku, kwa watu wasiofika milioni mbili. Barabara zilijengwa, na ni nzuri. Viwanja vya mpira na kumbi za mikutano vilijengwa. Lakini maji safi ya bomba, zahanati yenye dawa na shule yenye walimu vilibaki shida kwa familia nyingi, na wakati huo mahakama ya Paris, mwaka 2017, ilimtia hatiani makamu wa rais, ambaye ni mtoto wa rais, kwa kununua majumba na magari ya kifahari kwa fedha za umma. Hukumu hiyo ilithibitishwa na mahakama ya juu ya Ufaransa mwaka 2021. Sasa visima vinakauka na uzalishaji ni sehemu ndogo ya ule wa zamani. Nchi zetu zenye gesi Mtwara na mafuta Turkana na Hoima zingefanya vizuri kutuma watu Malabo wakajifunze, na wasiishie kwenye hoteli.

"Wanajenga mji mkuu mpya katikati ya msitu."

Kweli. Uko mashariki mwa Río Muni, ulianza kwa jina la Oyala na sasa unaitwa Ciudad de la Paz. Una chuo kikuu, hoteli kubwa na barabara za njia nyingi. Hoja ya serikali ni kwamba mji mkuu kisiwani, mbele ya nchi ya watu wengine, ni hatari kwa usalama. Mwaka 2004 kundi la mamluki lilikamatwa kabla ya kuipindua serikali. Gharama ya mji huo ndiyo inayowauma wananchi.

"Walimtuma Olimpiki mtu asiyejua kuogelea."

Uongo uliochanganywa na ukweli, na umemdhulumu mtu. Éric Moussambani wa Malabo alikuwa na miaka 22 alipoingia majini Sydney mwezi Septemba 2000 kuogelea mita 100. Nafasi yake ilitokana na mpango halali wa kuzipa nafasi nchi changa. Alikuwa amefanya mazoezi kwa takriban miezi minane katika bwawa dogo la hoteli, kwa saa alizoruhusiwa, na hakuwa amewahi kuliona bwawa la mita 50. Wenzake wawili katika kundi lake waliondolewa kwa kuanza mapema, akabaki peke yake. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72, akiwa amechoka kabisa, uwanja mzima ukimshangilia.

Dunia ilicheka, ikasahau kufuatilia. Moussambani aliendelea kujifua hadi akashusha muda wake chini ya sekunde 57, na baadaye akawa kocha wa waogeleaji wa taifa lake. Hilo ndilo linalostahili kusimuliwa kwa watoto.

Anayedhani michezo ya nchi hiyo inaishia hapo awaulize watu wa Ivory Coast. Januari 2024, timu ya taifa, Nzalang Nacional, iliwafunga wenyeji hao mabao 4-0 mjini Abidjan, na Emilio Nsue akamaliza Kombe la Mataifa ya Afrika akiwa mfungaji bora kwa mabao matano. Taifa Stars wanawajua pia, tangu walipokutana katika kufuzu fainali za 2021. Wanawake wao wamekwenda mbali zaidi: mwaka 2008 walikuwa timu ya kwanza kuwavua Wanigeria ubingwa wa Afrika, na wakaurudia mwaka 2012.

"Nchi ndogo kama hiyo haina waandishi."

Si kweli hata chembe, na ningependa sana uongo huu ufe kabla ya mwingine wowote. María Nsue Angüe, mzaliwa wa Ebebiyín, alichapisha riwaya yake Ekomo mwaka 1985, ambamo mwanamke wa Kifang anatafuta tiba ya mumewe kutoka kijiji hadi kijiji, kati ya waganga na wamisionari. Donato Ndongo-Bidyogo alifuata mwaka 1987 na riwaya kuhusu mtoto wa Kifang anayelelewa awe padri. Justo Bolekia Boleká ameandika kuhusu lugha ya Kibubi na ametunga mashairi. Juan Tomás Ávila Laurel, mwenye asili ya Annobón, ameandika riwaya ya kisiwa hicho, ya njaa, kipindupindu na moto mlimani, iliyochapwa mwaka 2009. Mwaka 2011 aligoma kula kuipinga serikali, kisha akalazimika kuhamia Hispania. Trifonia Melibea Obono aliandika mwaka 2016 kuhusu msichana wa Kifang anayemtafuta baba yake na kukataa ndoa anayopangiwa. Nchi ina chuo chake cha lugha ya Kihispania, kinachokaa meza moja na vyuo vya Madrid, Mexico na Bogotá.

Yaliyomo ndani ya vitabu hivi ni mambo ya kwetu: mahari, uganga, ukoo, misheni, msitu, mjomba mwenye neno la mwisho. Baadhi yake vimetafsiriwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Baadhi ya vyuo vyetu vikuu vinafundisha Kihispania, na wahitimu wake hutafuta la kufanya. Basi mmoja wao aichukue Ekomo aifasiri kwa Kiswahili moja kwa moja kutoka Kihispania, na mchapishaji mmoja wa Nairobi, Zanzibar au Dar es Salaam akubali kuichapa.